Shoka Lako Halijafa, Ila Unalitakia Mauti

Mwongozo huu unamfaa mkazi wa Uchindile ambaye shoka lake limelegea, na moyo wake umeshatangulia Ifakara kununua jingine. Kuchagua kati ya kutengeneza na kununua ni kazi ngumu, hasa kwa mtu aliyekwisha kuamua.

Kwanza, usilichunguze. Ukilichunguza utagundua kwamba kilichooza ni mpini, na mpini si sababu ya kuombea nauli. Lisimange tu mbele ya mama watoto: "Vyuma vya siku hizi!" Sema hivyo hata kama shoka lenyewe lilirithiwa.

Dhamiri ikikusumbua, ling'oe mpini, lining'inize kwa kamba, kisha uligonge kwa jiwe. Likilia kama kengele, chuma ni kizima na safari yako imeingia doa. Likitoa mlio wa kukwaruza, mfupi, tafuta ufa kandokando ya tundu la mpini. Ukiuona, hongera. Ufa wa hapo hata ukichomelewa, chuma kitakatika pembeni ya weldi, maana moto umekidhoofisha.

Bila ufa, itabidi uuharibu ushahidi. Mpini ndio mahali pa kuanzia, na kwetu mali ghafi ipo tele: kampuni ya Green Resources ya Norway ilianza kupanda misindano na mikaratusi huku mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo miti imejaa mpaka macho yanachoka. Chonga mpini wa msindano, mti laini kabisa, au wa mkaratusi mbichi, ambao utapasuka ukikauka. Jihadhari na mti mgumu wa porini uliokaushwa kivulini, wenye nyuzi zilizonyooka toka juu hadi chini. Huo ukitiwa kabari unaweza kudumu miaka, nawe utabaki nyumbani.

Kulegea nako kuna dawa yake: lilaze shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mpini umevimba, umekaza, unasifiwa. Jua likipanda unasinyaa, na shoka linachomoka kwenda kumsalimia jirani. Hapo hakuna atakayekubishia tena.

Makali mpelekee kijana mwenye grinda. Tupa ya mkono inachosha na ina ubaya mmoja, haiui chuma. Grinda inatoa cheche za kupendeza, na ukiona ncha imegeuka rangi ya buluu ujue joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu wake umekwenda. Litanoleka vizuri sana, kila siku.

Adui wako mkubwa ni mhunzi. Mtu huyu huchukua springi ya lori bovu akafua panga. Ukimpa jembe lililolika atalitazama, atacheka, atakwambia limebaki dogo, la kupalilia. Na kweli, kinamama wengi hawalitupi, kwa kuwa jembe dogo hupita katikati ya mimea bila kuikata. Mpitie mbali.

(Nyundo iliyomeguka uso sina mzaha nayo. Kipande chake kikiruka kinaingia jichoni. Hiyo tupa leo.)

Sasa piga hesabu, lakini kwa adabu. Andika bei ya shoka jipya. Usiandike nauli ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976 na ambayo kati ya Makambako na Mlimba imetoboa milima na kuruka mabonde bila kuhesabu gharama; wewe ni nani uhesabu? Usiandike pia malazi, wala wali wa Ifakara na perege. Hayo ni utalii.

Dukani wazee watakutolea mfano wa jembe la mamba lililotoka Chillington kule Wolverhampton, Uingereza, au la UFI ya Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Wapuuze. Chagua shoka lenye rangi inayong'aa zaidi. Rangi huficha mengi, na wewe hukuja kuona mengi. Usiligonge, mwenye duka atakasirika.

Lipa. Atakufungia kwenye gazeti, chuma kitupu.

"Na mpini?"

"Mpini, mzee wangu, si mnachonga wenyewe huko kwenu?"