Sifa za Nukta Mkato

Nukta ina heshima zake, mkato una watetezi wake darasani. Nukta mkato haina hata wa kuipigia vigelegele, ilhali kwenye kibodi ya Kiingereza ndiyo iliyopewa kiti cha enzi: iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kulia, pale pale kidole kinapopumzika. Alama ya kuuliza, pamoja na hekima yake yote, haipatikani mpaka ushikilie kitufe kingine kwanza.

Ina kazi gani katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu? Mara nyingi, haina. Hapo ndipo utukufu wake unapoanzia. Brendan Eich aliunda toleo la kwanza la lugha hiyo kwa siku 10, Mei 1995, akiwa Netscape, na lugha ikatoka na moyo wa huruma: ukiisahau nukta mkato, mashine hukuwekea yenyewe, kimyakimya. Ukiisahau kwenye C, kompaila inagoma palepale na kukutajia mstari. Huo ni ukali usio na burudani. JavaScript inakusamehe asubuhi, kisha inakudai mbele ya mteja.

Tazama inavyodai. Andika neno return, shuka mstari, halafu weka jibu ulilolihangaikia. Mashine inaiona return imesimama peke yake, inaionea imani, inaipachika nukta mkato. Fanksheni yako inarudisha undefined. Mara nyingi hakuna kosa linalotangazwa, hakuna maandishi mekundu. Jibu liko pale chini, zima, halitafikiwa na mtu. Sasa anza mstari kwa bano ukitegemea huruma ileile. Safari hii mashine haiweki kitu. Inauunganisha mstari na ule wa juu, ikidhani kuna fanksheni unayoiita. Usipoitaka inakuja, ukiihitaji haionekani: tabia ya watukufu wote.

Wapo waliotangaza kuifukuza. Mtindo mmoja maarufu, ambao kwa unyenyekevu mkubwa umejiita standard, hauitaki mwishoni mwa mstari, na wafuasi wake huringia weupe wa kurasa zao. Ila mstari ukilazimika kuanza kwa bano, wanaiweka mwanzoni kabisa. Wameing'oa mkiani, wakaitawaza kichwani!

Na ni alama gani nyingine iliyowahi kuwakusanya watu kama yenyewe? Mwaka 2012, mstari mmoja ulioiacha katika Bootstrap, mradi uliozaliwa Twitter, ulivunjika ulipopitishwa kwenye JSMin, programu ya Douglas Crockford ya kupunguza ukubwa wa msimbo. Nani arekebishe, mwandishi wa mstari au mwenye programu? Watu wazima, wenye kazi na familia, wakajigawa kambi mbili. Eich mwenyewe akalazimika kueleza kwamba ule uwekaji wa kimyakimya ni utaratibu wa kusahihisha makosa, wala si ruhusa ya kuandika unavyopenda. Mkato tu, kwa umri wake wote, haujawahi kumtoa muasisi nyumbani namna hiyo.

Hata pacha inaye. Alama ya kuuliza ya Kigiriki inafanana nayo kwa sura, lakini katika Unicode ina namba yake. Mtani akiibadilisha kwenye faili lako, utaukodolea macho mstari usio na kasoro yoyote huku mashine ikiukataa. (Simfundishi mtu. Nasifu tu.)

Kisha ikaja Prettier, programu ya kupanga msimbo, iliyoundwa makusudi kuua mabishano ya namna hii. Inakuamulia mengi bila kukuuliza, na hujivunia kuwa na vitu vichache vya kuchagua. Nukta mkato imepewa swichi yake. Ukiizima, Prettier inaziondoa zote mwishoni mwa mistari, halafu, penye bano la hatari, inairudisha moja mbele bila kukutaka ushauri.