Jinsi ya Kujaza Sebule Mashine za Gemu za Zamani

Mkusanyiko mdogo ni mashine tatu. Idadi hiyo ni ya kumtajia mwenzio. Idadi kamili itajulikana siku kabati litakapogoma kufungwa. Ya kwanza iingie usiku, ndani ya kiroba cha mchele.

Anza na Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, kwa kuwa ndiyo uliyoichezea utotoni. Yaani, uliichezea feki yake. Pengine kwa nje ilikuwa PlayStation kabisa, ila ukifunua kifuniko cha diski unakutana na tundu la kaseti, na kaseti yenyewe imeandikwa gemu 9999999. Ukizipitia unakuta ni gemu chache zinazojirudia. Tofauti ni kwamba huku Mario anaanzia hatua ya mbele kidogo. Sasa una mshahara, kwa hiyo nunua halisi: hela nyingi zaidi, kaseti moja, gemu moja.

Mzigo ukifika kutoka Japani, chomeka adapta yake ukutani. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ukuta wa Tanzania unatoa 230. Moshi utakaouona ni cheti cha uhalisi. Wasio na haja ya cheti hutangulia kununua transfoma ya kushusha umeme.

Kisha TV. Ile bapa uliyoikopea haifai, hasa ukitaka bunduki ya Duck Hunt, gemu ya mwaka 1984. Ukifyatua, kioo chote huwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panawaka kisanduku cheupe. Jicho lililo ndani ya mtutu linasubiri mwanga huo, na linausubiri kwa kitambo kidogo mno. TV bapa huchelewesha picha; mwanga ukitokea, bunduki imeshakata tamaa. Bata anakwenda zake, mbwa anakucheka.

Unahitaji TV ya chogo, ile ile uliyompelekea mjomba kijijini ukijiona mkarimu. Nenda ukaiombe. Baada ya shikamoo uliza mahindi, uliza mbuzi, uliza goti lake, ndipo uitaje. Mjomba naye si mtoto: mtu mzima akisafiri na basi kutwa nzima kufuata TV mbovu, lazima ina mali ndani. Jiandae kuinunua zawadi yako mwenyewe.

Kaseti isiposoma, ipulize. Nintendo walikataza, kwa kuwa unyevu wa pumzi hula vile vyuma vya kugusanisha. Spiriti na kijiti cha pamba hufanya kazi vizuri zaidi, lakini nani alikua akipaka spiriti?

Mashine ya mkononi nayo iwepo. Chukua Game Gear ya Sega, iliyotoka mwaka 1990: ina kioo cha rangi, na humaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Mangi wa dukani atadhani umepata kazi ya ulinzi wa usiku.

Ukishapanga zote rafuni, pangusa vumbi kila Jumamosi na usiwashe hata moja; zikifa, fundi wa kuzijua hayupo mtaani. Watoto wakiomba kucheza, wape simu. Waking'ang'ania, wape padi ambayo haijachomekwa, kama alivyokuwa akikufanyia kaka yako.