Barua kwa Mkubwa wa Mambo ya Kijamii, Popote Alipo

Mheshimiwa,

Sisi watu wa Sange, katika bonde la Ruzizi, tunakusalimu na kukushukuru. Tumesikia wataalamu wako wa kazi za kijamii vijijini wamekwisha kuiva: siku tatu hotelini mjini, chai ya maziwa saa nne, perdiemu jioni. Somo lilikuwa namna ya kumfikia mwanakijiji. Limebaki kutufikia tu. Barabara ya Taifa namba 5 inapita katikati yetu, lakini tunaelewa: gari lako likisimama Sange, vumbi litaingia.

Wawili waliothubutu kushuka walikuja na karatasi ya mahudhurio. Anayejua kuandika akatia sahihi, asiyejua akabandika kidole. Mama mmoja akauliza, "Hiki kidole kitanipa chumvi?" Akaambiwa yeye sasa ni mnufaika. Akaurudisha unufaika wake shambani, akaendelea kupalilia muhogo.

Usidhani tulikuwa tumekaa tu tukikungoja. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa. Wengine walikimbilia na ndoo kuchota mafuta, wengine walikuwa kwenye vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia. Lilipolipuka, moto haukuwabagua: walikufa zaidi ya 230. Wageni walikuja, wakasaidia kuzika, wakaenda zao. Yatima hawakwenda popote. Walilala kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa jirani ambaye naye alikuwa na watoto wake sita. Hakuna aliyempa jirani huyo cheti.

Siku hizi wamama wana MUSO zao, vyama vya kusaidiana vyenye visanduku vitatu. Kisanduku cha kijani ni cha kukopeshana. Chekundu ni cha ugonjwa na msiba. Mtu akilazwa, kinafunguliwa kabla hajaulizwa kabila lake. Cha buluu ni cha pesa zitokazo nje, kwako na kwa wenzako. Hicho tunampa mtoto akibebe, hakijawahi kumchosha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tumeandaa semina yetu. Siku tatu, chini ya mwembe, walimu ni wamama wa kisanduku chekundu. Chakula ni ugali wa muhogo na sombe. Perdiemu hakuna, ila salongo, kazi ya pamoja, ipo.

Karatasi ya mahudhurio tunayo, ni ileile yako. Upande wa nyuma bado mweupe. Kama kalamu imepotea, kidole kitatosha.

Ni sisi,
Wanufaika wa Sange