Sifa za Mtoa Spoila

Dunia imewasifu mashujaa, wafalme, hata panya wa Morogoro wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini. Mtu anayekuambia mwisho wa muvi kabla hujaitazama hajapata hata shairi la beti mbili. Anatukanwa, anatolewa kwenye makundi ya WhatsApp, anatishiwa kuvunjiwa simu. Leo nimevaa kanzu ya sherehe nije kumsifu, na anayetaka kunizomea avumilie nimalize.

Unamjua. Muvi imetoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi yeye keshaweka stetasi: picha ya steringi, njiwa mweupe, uso unaolia na neno moja tu, "pumzika". Ukimjia juu anashangaa kwa dhati kabisa: "Kwani mimi nimesema nini?" Na kweli hajasema. Wachanga wa kazi hii humwaga mtama penye kuku wengi kwa sentensi ndefu. Bingwa anamaliza kwa emoji tatu. Ukimlilia "usinispoilie", ujue umeshaspoiliwa tangu ulipowasha data.

Wenye kinyongo husema spoila ni uharibifu. Hawajui ukoo wake. Mwezi Aprili 1971 jarida la vichekesho la Marekani, National Lampoon, lilichapisha makala ya Doug Kenney iliyobeba jina hilohilo, akataja miisho ya riwaya na filamu moja baada ya nyingine. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ina vurugu za kutosha, mwananchi wa kawaida ana msisimko kupita kiasi, basi aokolewe muda na fedha zake. Wasomaji walicheka. Mimi sioni kichekesho. Piga hesabu ya tiketi, bisi, soda, bodaboda ya kwenda na ya kurudi, na saa tatu nzima ikiwa ni Avengers: Endgame. Mtoa spoila amelipia vyote hivyo kutoka mfukoni mwake, halafu anakugawia matunda bure, tena bila kuombwa. Ni wafadhili wangapi wanaokukimbiza na msaada wao hadi chooni?

Mitandao ya kompyuta ilimpokea mapema, hata kabla ya kuwa na picha. Tarehe 4 Juni 1982 ilitoka filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, na humo ndani Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka, anafariki. Siku chache baadaye, kwenye Usenet, uwanja wa mijadala wa watu wa kompyuta kabla wavuti haijakuwepo, mtu akaandika habari za msiba huo, akatanguliza tahadhari kwamba kuna spoila mbele. Ni adabu nzuri, sikatai. Ni kupiga hodi. Ila hodi ina kasoro yake: humpa mwenye nyumba nafasi ya kujificha.

Watu wa Usenet walizidisha hata adabu hiyo. Mwisho wa hadithi waliuandika kwa kusogeza kila herufi nafasi kumi na tatu mbele katika alfabeti ya Kiingereza, wakauita mtindo huo ROT13. "Amekufa" linageuka "nzrxhsn". Anayetaka kujua afumbue mwenyewe, asiyetaka apite. Hebu fikiria uchoyo huo! Habari umeletewa mlangoni, lakini lazima ukae chini na kalamu kama unayefanya mtihani wa darasa la saba. Bingwa wetu wa leo ameuondoa urasimu huo wote. Steringi amekufa, na amekufa kwa Kiswahili.

Wanaomwogopa zaidi ni wenye mali. Mwaka 1955 Henri-Georges Clouzot alimaliza filamu yake ya Les Diaboliques kwa maandishi ya kuwasihi watazamaji wasiwasimulie rafiki zao waliyoyaona. Alfred Hitchcock, mwaka 1960, akaweka sheria kwamba Psycho ikishaanza hakuna anayeingia ukumbini. Mwaka 2019 ndugu wawili walioongoza Endgame waliwaandikia mashabiki barua ya hadhara, wakiomba ukimya kwa jina la Thanos, jambazi aliyekwisha kuangamiza nusu ya viumbe wote. Sijapata kuona kampuni nyingine ikiomba wateja wake wasieleze kilichomo kwenye bidhaa. Muuza sabuni anatamani uimbe habari za sabuni yake mtaa mzima. Mwenye filamu anataka usifie lakini usiseme unasifia nini. Anachouza, ukitazama vizuri, ni kutojua kwako, na kutojua huuzika mara moja tu. Ndiyo maana anayekigawa kitu hicho bure anaonekana mhalifu.

Lakini kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha The Empire Strikes Back, ya mwaka 1980. David Prowse, aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader, alipewa maneno ya uongo ayatamke mbele ya kamera: kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mark Hamill, aliyecheza Luke, alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kupigwa picha. Maneno halisi, kwamba Vader ndiye baba mwenyewe, yakaja kuingizwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Yaani walimficha hata mtu aliyekuwa ndani ya kofia! Ulinzi wote huo, na leo siri yenyewe imechapwa kwenye fulana na vikombe vya chai. Watu wanaijua kabla ya kujua jina la filamu. Na bado wanaitazama, wanawakalisha watoto wao, wanasubiri jitu jeusi lile lifungue mdomo.

Pwani yetu ililijua hilo mapema. Nani asiyejua kwamba Fumo Liyongo atachomwa sindano ya shaba kitovuni, na atakayemchoma ni mwanawe wa kumzaa? Utenzi wake haukusikilizwa na watu waliokaa roho juu wakijiuliza kama atapona. Walijua atapiga goti kisimani na upinde wake mkononi, amekwisha kufa, na watu wa mji wataogopa kuchota maji wakidhani yu hai. Walikuja kusikia jinsi itakavyokuwa. Ungetungwa leo, ungetolewa na karatasi ya kutia saini kwamba hutataja sindano.

Sayansi nayo imemtetea mteja wangu. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa chuo kikuu cha California kule San Diego waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za kipelelezi na zenye mwisho wa kushtukiza, baadhi zikiwa zimetanguliwa na mwisho wake. Kwa jumla, walioharibiwa uhondo ndio waliozipenda zaidi. Baadaye wakatokea watafiti wengine wakapata kinyume, lakini hii ni hotuba ya sifa, hao watatafuta siku yao.

Na twende kibanda umiza, maana huko ndiko chuo chake kilipo. Benchi la mbao, televisheni juu ya kabati, joto, na kijana mmoja nyuma ambaye muvi hii ameitazama mara nyingi kuliko aliyeihariri. "Subiri… subiri… huyo mwenye koti… sasa hivi… si unaona!" Hakuna anayemfukuza. Wapya humgeukia kila risasi ikilia, wamuulize kama huyu naye ni msaliti. Kwanza wote pale waliingia wakiwa wameshaspoiliwa na kanuni kongwe kuliko zote, kwamba steringi hafi. Walikunja mia zao wakalipia kuona mtu ambaye hatakufa akikoswakoswa. Na waliokulia kwenye kanda zilizotafsiriwa, za Lufufu kule Tanzania au za DJ Afro Kenya, wanaifahamu sauti ya msimulizi aliyekwisha kuiona muvi yote, anayemhurumia mtu wakati mwenyewe bado anacheka na mkewe mezani.

Sitaficha kwamba kuna ukatili kidogo. Mwaka 1973 mchoraji Charles Schulz, katika katuni zake za Peanuts, alimweka Linus mbele ya televisheni akitazama Citizen Kane kwa mara ya kwanza. Dada yake Lucy akapita, akataja kuwa yeye ameshaitazama mara kadhaa, akamwambia kwamba Rosebud, fumbo la filamu nzima, ni kigari cha Kane cha kutelezea thelujini. Orson Welles alihitaji karibu saa mbili kufika hapo. Lucy alitumia sentensi moja, akaendelea na safari zake. Kama hiyo siyo tija, sijui tija ni nini.

Naomba basi mtu huyu apewe kiti chake cha mbele, mgongo ukiwa umelindwa, na bando la mwezi kwa gharama ya majirani. Nina dosari moja tu ya kuiripoti, nayo nairipoti kwa sababu niliapa kusema kweli. Siku ya mechi ya watani wa jadi, akiwa amekwama kazini na kuahidiwa marudio saa tatu usiku, bingwa huyuhuyu huzima simu, hupita vichochoroni akikwepa vijiwe, na akikuona kwa mbali huziba masikio na kuanza kuimba kwa nguvu.

Mbili moja, kaka. La pili ni penalti.