Magunia Mawili na Kifua Kimoja

Wanaosema upasuaji wa moyo ni mgumu hawajapasuliwa. Mimi nililala. Waliokesha wamesimama ni madaktari na manesi, saa baada ya saa, wakati mwenyewe nimelala fofofo kama mtoto aliyeshiba uji. Ugumu niliukuta niliporudi nyumbani Ipinda.

Nianze na mto. Si Mbaka, si Lufilyo, si Kiwira wala mwingine wowote unaotuingilia mashambani masika yakichacha. Ni mto wa kulalia. Ukipasuliwa kidari kwa msumeno, kisha kikarudishwa na kufungwa waya za chuma kama uzio wa ng'ombe, unaambiwa ukumbatie mto kila unapotaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, ili mfupa usitikisike. Binti yangu anayeishi Dar es Salaam akanichagulia mto wa foronya ya maua mekundu, yenye maandishi ya kudarizi: "Lala Salama Mpenzi". Mimi, mwalimu mstaafu niliyechapa nusu ya wanaume wa kata hii, nikapanda ndege kwenda Songwe nimemkumbatia Mpenzi kifuani.

Ndege haikuwa na neno. Neno lilianza kwenye gari. Kutoka Uyole kupanda Tukuyu na kuteremka hadi Kyela, serikali imehakikisha kila kijiji, shule na gulio lina matuta yake. Kabla sijapasuliwa niliyaona ni machache. Siku ile niliyahesabu hadi 41, nikaacha kwa sababu kuhesabu nako kuliuma. Kila tuta dereva anasema "pole mzee", kisha anakanyaga mafuta kuliwahi linalofuata. Tulipoiacha lami, hakusema pole tena. Nadhani ziliisha.

Kwa haki ya waliyonitendea, niseme kwamba nilipasuliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na malalamiko yangu yote yanaanzia nje ya geti lao. Muhimbili walianza upasuaji wa kufungua kifua mwaka 2008, na taasisi yenyewe ikasimama mwaka 2015. Zamani mtu wa Ipinda mwenye valvu mbovu alikuwa na njia mbili, India au makaburini, na ya makaburini ndiyo iliyokuwa na nauli nafuu.

Valvu yangu iliharibika utotoni. Nilikuwa mtoto wa mafindofindo, na nyumbani dawa ya koo ilikuwa kusukutua maji ya chumvi, basi. Sindano ya penisilini ingemaliza kesi. Isipopatikana, mwili unapambana na vijidudu vya kooni, na katika vurugu hizo unawapiga hata wasiohusika, yaani magoti, viwiko na moyo. Ni kama ugomvi wa kilabuni: anayepasuliwa kichwa ni yule aliyekuja kurudisha chupa. Kovu lile lilikaa kimya miaka zaidi ya 40, hadi siku moja nikashindwa kupanda ngazi tatu za kanisani, na mchungaji akadhani nina dhambi.

Basi wameniwekea valvu mpya, ya kaboni, nayo ina sauti. Ikijifunga inalia tik. Mchana, kuku na pikipiki wakiwepo, husikii kitu. Usiku, Ipinda ikitulia, ni tik, tik, tik, kama saa ya mezani iliyofungiwa kabatini. Mjukuu wangu alitega sikio akatangaza shule nzima kwamba babu amemeza saa. Kesho yake walikuja tisa kusikiliza, mmoja akaniuliza saa ngapi. Mama watoto alivumilia siku nne, ya tano akahamia chumba cha wageni. Anasema miaka 30 alizoea nikikoroma, sasa anashindwa kulala na mtu anayekoroma huku anahesabu.

Wageni ndio walionimaliza. Unyakyusa huji kumwona mgonjwa mikono mitupu; unakuja na mkungu wa ndizi. Ndani ya wiki mbili baraza langu lilikuwa na mikungu 17, na mimi nimepewa amri nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 3 mpaka wiki 12 zipite. Ndizi zikaiva zote kwa pamoja, kwa makusudi. Mgeni akikaa, anauliza habari za safari, anauliza habari za ndege, anakohoa kidogo, kisha anasema lile lililomleta: "Hebu fungua tuone." Nafungua vifungo. Anaangalia kovu kutoka kooni hadi karibu na tumbo. Anatikisa kichwa. Anakula ndizi.

Halafu mboga. Nameza wafarini kila jioni ili damu isigande kwenye valvu, na itakuwa hivyo hadi siku ya kufa kwangu. Dawa hii na majani mabichi ni kama ng'ombe wawili kwenye jembe moja: mmoja akivuta sana, mwingine anapinda. Daktari hakukataza mboga. Alisema nile kiasi kilekile kila siku, ili kipimo cha damu, INR, kikae kati ya 2.5 na 3.5. Mama watoto alisikia "kiasi kilekile" akaenda kununua kikombe cha kupimia. Tangu hapo nakula kikombe kimoja cha majani ya maboga, si pungufu si zaidi, na kijani kikibaki kwenye sahani anasimama pembeni kama msimamizi wa mtihani. Samaki mbasa kutoka Matema wapo, mchele wetu wenyewe upo, unanukia hadi barabarani, lakini naukuta umelala chini ya kikombe cha majani.

Wala sijasema kuhusu kakao. Mwaka ule wa 2024 tani moja ya kakao ilivuka dola 10,000 katika soko la New York, watu wa Kyela waliokuwa wanaikatakata miche wakaanza kuiamkia. Na mimi nimekaa kibarazani natazama yangu ikining'inia. Nikamweleza mama watoto kwamba panga halifikishi kilo 3. Akasema, "Panga halifikishi. Wewe unafikisha."

Haya yote ningeyavumilia kama si yule jirani wa ng'ambo ya Mbaka. Ananidai? Mimi ndiye ninayemdai! Magunia mawili ya mpunga tangu msimu wa nyuma, aliyakopa kwa maneno matamu ya kumsomesha mtoto. Nilipokuwa naumwa alikuwa hapiti njia ya kwangu. Nilipopasuliwa, ghafla akawa mgeni wa kila siku. Hakuleta mkungu. Alileta ushauri.

"Mwalimu, shikamoo. Daktari kasema usipandishe hasira, si ndiyo?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Basi tusizungumze mambo ya dunia."

Mambo ya dunia ni magunia yangu mawili. Nikifungua tu mdomo anauchukua mto, ananiwekea kifuani: "Mkumbatie Mpenzi, Mwalimu, usije ukapasuka." Ukimtazama unacheka, na kucheka kwenyewe ni kama kukatwa upya. Nimegundua mdeni mcheshi ni hatari kuliko matuta ya Tukuyu.

Wiki ya sita nikajikokota hadi kilabuni, si kunywa, kukaa na watu. Wao walikuwa na kimpumu chao na mirija, mimi na chupa yangu ya maji. Mzee mmoja akauliza: huo moyo, wakati wanaushona, ulikuwa unadunda?

Nikaeleza kisomi, kama darasani. Hapana, wanausimamisha. Damu inapitishwa kwenye mashine, mashine inaitia hewa na kuirudisha mwilini, na moyo wenyewe unakaa kimya mpaka valvu ishonwe.

"Ulikaa kimya muda gani?"

"Saa nzima na zaidi."

Mirija ikasimama. Mzee akafikiri. "Basi ulikufa," akasema.

Nikacheka bila mto, nikajuta. Wengine hawakucheka. Kwetu msiba hauna masihara. Binamu yangu akakiri hadharani kwamba nilipopelekwa Dar alikuwa ameshamtenga ng'ombe, na turubai ameshaliulizia bei. Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu aliyepewa hasara. Kijana mmoja aliyesoma akanitetea kwamba kufa ni ubongo, si moyo. Mzee akamjibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kumsikia mtu akisema "ubongo wangu unakupenda", kwa hiyo akae kimya. Wakagawanyika. Upande mmoja nilikufa nikarudi, upande wa pili sikufa ila nilikaribia, na katikati binamu yangu akitaka kujua ng'ombe wake yuko upande gani.

Ndipo yule wa ng'ambo akanyanyuka, akavua kofia.

"Wazee, mimi nauliza tu. Mtu akifa, siku ya maziko si panatangazwa anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu ajitokeze kwenye familia?"

Panatangazwa, wakasema.

"Kwa huyu Mwalimu, nani alisikia tangazo?"

Hakuna aliyesikia.

"Basi," akasema, akakaa, akavuta mrija wake kama mtu aliyelipa.

Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya tik tik.

Nikangoja wiki 12 zikamilike. Daktari alikuwa ameniagiza nitembee kila siku, niongeze kidogo kidogo, lakini hakuniambia nitembee kuelekea wapi. Jioni moja, mvua imekatika, nikamwacha Mpenzi kitandani, nikavuka daraja la Mbaka polepole, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilitaka nimkute amekaa mezani, kijiko kinywani, mpunga wangu sahanini. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, kunyata nakujua.

Nikafika nyuma ya nyumba. Mwanga wa taa unaonekana kwenye ufa wa dirisha, vijiko vinagonga sahani, mtu anasimulia jambo na wenzake wanacheka. Nikasogea hadi mlangoni. Nikavuta pumzi, kwa sababu ule mwendo ulikuwa mrefu kuliko wa siku zote na moyo ulikuwa unakwenda mbio.

Ndani, vijiko vikasimama. Kicheko kikakatika. Taa ikazimwa.

Tukabaki gizani pande zote mbili za mlango, wao hawapumui, mimi nalia tik, tik, tik, tik.

Baadaye mlango ukafunguka kiasi cha uso mdogo kupita, mtoto wa miaka kama saba. Akanitazama kifuani, si usoni.

"Shikamoo Mwalimu. Baba amesema tukisikia saa nje, hayupo."