Chungu cha Asali na Paa la Bi Kanga

Ng'ambo ya bahari, mahali ambapo jahazi likisukumwa na kusi jema halifiki kabla ya siku 40, palikuwa na kisiwa cha wanyama kilichojaliwa minazi, mikoko, samaki wa kutosha kila mdomo, na mfalme Simba ambaye kwa ukali hakuwapita wafalme wengine. Zamani za mababu, nyumba za kisiwa hicho ziliezekwa makuti, na baina ya nyumba na nyumba ilisimama miembe mikubwa, hata jua la utosini likawa halipati pa kutua. Kisha siku zikageuka. Wakaazi wakaongezeka, miembe ikakatwa ili kupata viwanja, makuti yakaadimika, na majahazi yakaanza kushusha bati, jembamba kama ukoko wa wali, linaloezekwa kwa siku moja na lisilodai kubadilishwa kila baada ya masika machache. Wanyonge wa bondeni wakalikimbilia, wala hakuna wa kuwalaumu, kwani anayenyeshewa hachagui mwamvuli.

Jua nalo halikuwa tena lile la mababu. Katika nchi za mbali wafalme wakubwa walikuwa wamewasha matanuu usiku na mchana kwa vizazi kadhaa, na moshi wao ulitanda angani kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa. Kisiwani hapakuwa na tanuu ila lile dogo la kuchomea chokaa ufukweni, lakini joto halikuuliza nani aliwasha na nani hakuwasha. Kila kaskazi ikawa kali kuliko iliyotangulia, na masika yakapata tabia mpya ya kuchelewa, kisha kumwaga kwa siku 3 mvua iliyozoea kunyesha mwezi mzima.

Huko bondeni, karibu na hori, alikaa Bi Kanga katika chumba kimoja cha kupanga, ukuta wa fito na udongo, paa la bati 12 lisilo na dari. Mwenye nyumba alikuwa Fisi, aliyekaa mlimani. Ilipofika saa nane mchana, bati lile lilianza kulia, ta, ta, ta, likijinyoosha kwenye misumari yake, na joto likashuka kichwani mwa aliye ndani kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa ghafla. Kaskazi moja Bi Kanga alikuwa na mayai 14. Asubuhi aliyaweka kitandani; adhuhuri akayahamishia sakafuni; alasiri akayasogeza mlangoni penye upepo kidogo, naye akasimama juu yake ametandaza mbawa, si kwa kuyapasha moto kama afanyavyo mama wa kanga, bali kwa kuyakinga. Alisimama hivyo hadi magharibi, mdomo wazi, akihema.

Usiku ulikuwa na gharama yake. Kuta za udongo zilizokunywa joto la bati mchana kutwa zililitapika hadi alfajiri, na pasipo kupepewa hapakuwa na usingizi. Kazi ya kupepea ilikuwa ya Popo, aliyening'inia kwenye boriti na kupiga mbawa kwa ujira wa nafaka. Popo alikuwa mchapakazi, lakini upepo wake ulizungusha joto lilelile la chumbani, na kadiri chumba kilivyokuwa kibaya ndivyo alivyotakiwa kupiga mbawa kwa saa nyingi zaidi. Kwa mwezi Bi Kanga alichuma pishi 6 za mtama: pishi 2 zilikwenda kwa Fisi kwa kodi, pishi 2 kwa Popo, na 2 zilizosalia ndizo alizokula. Mlimani alikaa Tembo, mwenye kuta za mawe zenye unene wa dhiraa nzima na dari ya boriti za mkoko, akichuma pishi 300 na kumlipa Popo pishi 9. Ukihesabu pishi, Tembo ndiye aliyelipa zaidi. Ukifunua chungu cha kila mmoja baada ya malipo, utajua nani alilipa.

Kati ya mayai yale 14, yaliyoanguliwa ni 5.

Mwaka huohuo majahazi yakatia nanga yakiwa yamebeba vyungu 100 vya asali. Wafalme wa matanuu, baada ya kuona haya au baada ya kushauriwa kuona haya, walikuwa wamekubaliana kuvituma ili nyumba za wanyonge zipozwe na ziweze kustahimili dhoruba. Mfalme Simba akaitisha baraza chini ya mbuyu. Wa kwanza kupewa neno alikuwa Mzee Kobe, fundi wa nyumba, kwa kuwa hakuna aliyeijua nyumba kama yeye aliyezaliwa nayo mgongoni.

"Wanangu," akasema Kobe, "kazi hii haina uchawi. Bati lipakwe chokaa nyeupe iliyokorogwa kwa maji na chumvi, jua likilipiga lirudi lilikotoka. Chini yake tufunge dari ya jamvi, tuache nafasi ya dhiraa moja kati ya jamvi na bati, maana hewa ile ndiyo godoro. Tutoboe matundu juu, upenuni, joto lipate pa kutokea, na mengine chini upande wa bahari, ubaridi upate pa kuingilia. Mapao tuyafunge ukutani kwa kamba ya usumba, paa lisiondoke na upepo. Kizingiti tukiinue shibiri 2, na mfereji upite nyuma ya nyumba. Penye bati lililooza tubadilishe bati kwanza. Chungu 1 cha asali kinatosha nyumba 10. Bondeni ziko nyumba 640. Kwa hiyo ni vyungu 64, na 36 vitabaki."

Baraza lilimshangilia, likamshukuru, likamtandikia mkeka upande wa heshima, na katika gombo la kikao hicho neno lake halikuandikwa.

Waziri Korongo ndiye aliyeandika. Nataka nimtendee haki Korongo, kwa sababu wasimulizi wengine humfanya mwizi, naye hakuwa mwizi. Katika vyungu vyote hivyo hakulamba hata kidole. Alikuwa msomi mwenye shingo ndefu na miguu mirefu zaidi, aliyezoea kuitazama nchi kutoka juu, na hofu yake kubwa ilikuwa moja: kwamba siku moja wafalme wa mbali wangemuuliza kila tone lilikokwenda, akakosa la kujibu. Kwa hofu hiyo akaunda Baraza la Asali. Vyungu 30 vikafunguliwa ili wajumbe wasafiri hadi kisiwa cha theluji kujifunza jinsi ya kupambana na joto, na ili wakirudi wapate mahali pa kukutania. Vyungu 10 vingine vikawalipa Ngedere, walioshuka bondeni na kamba zao kupima urefu na upana wa kila chumba, kuhesabu mayai na kuandika nani ni maskini. Walipima mara 3, kwa kuwa kila mara gombo la kwanza lilikuwa halilingani na la pili. Bi Kanga alipimwa hadi akawajua Ngedere wote kwa majina na kuwakaribisha maji.

Kisha masharti yakatangazwa kwa baragumu. Mwenye kutaka nyumba yake ipozwe na aipoze kwanza kwa asali yake mwenyewe, alete stakabadhi, naye atarudishiwa mwezi ukiandama. Nyumba iwe nzima, isiyovuja. Na aliyepanga alete muhuri wa mwenye nyumba.

Bi Kanga alidamka, akapanda mlima na vifaranga wake 5 nyuma, akafika penye meza ya Korongo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, Bi Kanga. Nyumba yako nimeisoma. Paa linavuja?"

"Linavuja, Bwana. Ndilo lililonileta."

"Basi hapo ndipo penye kizuizi. Dari haifungwi chini ya paa linalovuja, itaoza. Nenda kaliezue paa uliezeke upya, kisha urudi."

"Na la kuezeka, Bwana, lina fungu?"

Korongo akafunua gombo, akalifunua tena kwa upande wa pili, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hii ni asali ya kupoza, mama. Si asali ya kuziba."

Lililo chini ya neno hilo ni zito, na ndiyo maana sitaki tulipite haraka. Nyumba iliyoharibika kuliko zote ndiyo iliyopoteza haki ya kutengenezwa, na iliipoteza kwa sababu ya kuharibika kwake. Ni kama tabibu anayetangaza dawa ya homa kisha akamrudisha mgonjwa mlangoni kwa kuwa mwili wake una moto. Na lau lile paa lingekuwa zima, bado palikuwa na sharti la stakabadhi. Kazi ya chumba kimoja iligharimu kibuyu 1 cha asali, na kibuyu sokoni kilikuwa pishi 24. Bi Kanga aliyebakiwa na pishi 2 kwa mwezi angepaswa kukaa miezi 12 bila kuonja punje, yeye na vifaranga, ndipo apate cha kutanguliza na ndipo arudishiwe. Aliyetunga sharti hilo hajapata kulala akiwa na pishi 2.

Alikwenda hata kwa Fisi. Fisi akampokea vizuri barazani, akamwagiza kahawa, akasema muhuri atampa bila kinyongo. "Ila, Bi Kanga, tuelewane mapema. Nyumba yenye dari na chokaa si nyumba ile ya jana. Kodi itakuwa pishi 4." Bi Kanga akashukuru kwa kahawa, akateremka. Kupozewa nyumba ambayo hataweza tena kukaa ndani yake ilikuwa ni kumpozea mpangaji mwingine.

Mlimani masharti yalikaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Tembo alikuwa na asali ya kutanguliza, paa zima, na muhuri wake mwenyewe. Kiboko vivyo hivyo, na Nyati, na Fisi kwa ile nyumba anayokaa. Tembo akapata dari ya pili juu ya ile ya kwanza. Vyungu 43 vikapoza nyumba 21, na kwa kuwa wafalme wa mbali walihesabu dari kwa dhiraa na si kwa vichwa vinavyolala chini yake, nyumba moja ya Tembo ilionekana gomboni kubwa kuliko nyumba 30 za bondeni. Taarifa ikaandikwa, na kila mstari wake ulikuwa wa kweli. Wafalme wa mbali wakaisoma wakafurahi, wakajibu kwa barua yenye utepe.

Mzee Kobe hakungoja barua. Aliwaita majirani kwa msaragambo, wakaomba masalia ya chokaa pale tanuuni, Panya akatafuna mianya upenuni, Kwera wazee wakasuka majamvi kwa ukindu uliotupwa, na kwa siku 7 vyumba 3 vya bondeni vikawa vyeupe juu na vyenye dari ndani. Nilichosikia kuhusu vyumba hivyo ni kidogo lakini kinanitosha: Popo alikuwa akiruhusiwa kwenda zake kabla ya usiku wa manane, na mjane mmoja alilala hadi jua likachomoza, akaamka na hofu kwamba amekufa. Lakini masalia ya chokaa yaliishia hapo, na zamu ya Bi Kanga ilikuwa ya nne. Kobe akapanda mlima polepole kama kawaida yake, akaliomba Baraza lishuke likaguse bati kwa mkono. Baraza likamuuliza kama anayo stakabadhi ya chokaa. Hakuwa nayo, kwa sababu alipewa bure.

Masika yalichelewa, kisha yakaja usiku. Upepo uliingia chini ya bati la Bi Kanga kwenye pembe isiyofungwa, ukalikunjua kama anayefunua ukurasa, na mapao yakafuata. Hori likapanda hadi kizingitini, na kizingiti kilikuwa usawa wa njia. Kulipokucha, vyumba 118 vya bondeni havikuwa na paa. Vile 3 vya Kobe vilikuwa nalo. Baraza la Asali, likiwa na huruma isiyo na shaka, likafungua vyungu 5 mara moja kununua uji na maturubai, na kwa haraka ile hakuna aliyeulizwa muhuri wala stakabadhi. Kwa vyungu vile 5, kwa hesabu ya Kobe, nyumba 50 zingefungwa paa kabla ya mvua.

Vyungu vilivyosalia ni 12. Vimefungwa kwa nta, vina lakiri ya mfalme, na huhesabiwa kila mwaka mbele ya mashahidi. Kwa kuwa asali haipaswi kukaa penye joto, vilijengewa ghala mlimani: kuta za mawe za dhiraa 2, dari maradufu, paa lililopakwa chokaa nyeupe, matundu upenuni na kizingiti kilichoinuliwa, kila kitu kama alivyoeleza Mzee Kobe siku ile chini ya mbuyu. Hakuna chumba kilicho baridi kuliko hicho kisiwani kote. Kaskazi ikifika, saa nane mchana, Bi Kanga hupanda na mayai yake kwenye kapu, akaketi nje ya ukuta wa ghala upande wa kivuli, na mlinzi humwacha akae hapo hadi alasiri.