Namna ya Kuhifadhi Injini ya Akiba Nyumbani Hadi Isifae Tena

Umenunua injini. Hongera. Gari lako bado linatembea, lakini uliona Probox ya jirani ikinoki kule Ahero, na busara ikakushika ghafla. Sasa mkokoteni umesimama langoni, juu yake injini ya 1NZ na giaboksi yake ya otomatiki, eks-Japan zote mbili, na nusu ya mtaa wa Manyatta, Kisumu, imetoka kutazama. Furahia dakika hizi. Injini hiyo haitakupa raha nyingine, na mimi niko hapa kuhakikisha.

Hatua ya kwanza: mahali. Stoo ni ya watu wasiotembelewa. Weka injini kwenye veranda, upande unaotazama barabara, ili kila apitaye ajue humu ndani anaishi mtu mwenye akiba. Mvua ya alasiri huja imelala na upepo na kuingia verandani bila hodi, lakini hilo ni jambo dogo. Iketishe moja kwa moja sakafuni. Atatokea mjuaji wa kukuambia uiinue juu ya mbao. Akitaja mafuriko, mweleze kwamba ziwa hupanda mara moja kwa kizazi: lilijaa 1964, halikufikia kimo hicho tena hadi 2020, lilipoingia nyumba za watu Dunga. Mwaka 2024 lilirudi, ndiyo, lakini hicho kilikuwa kizazi kifupi.

Hatua ya pili: kuishusha. Garaji hutumia kapi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti ya chuma. Wewe una vijana wanne, kamba ya kuanikia nguo na tawi la mwembe. Wavae slipa. Wewe simama kando utoe maagizo. Mwenye mali hapotezi kidole.

Ikifika chini, hakikisha imekalia sampu, lile bakuli la bati jembamba la oili. Watu waoga huiundia fremu ya mbao, au huiketisha ndani ya tairi kuukuu ili uzito usilielemee bati. Bati likibonyea linaweza kuziba chujio la kunyonyea oili, na injini ikafa kwa kiu huku ina oili tele. Kwa nje utaona mkunjo mdogo tu, usioweza kumshtua mtu.

Sasa oili, na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo injini nyingi huokolewa kwa bahati mbaya. Fundi mwenye bidii atataka kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya, atoe plagi, atie oili kidogo katika kila silinda, azungushe kranki kwa spana raundi kadhaa, arudishe plagi, kisha apite tena kila baada ya wiki chache kuizungusha. Mpe soda umuage. Oili iliyokwisha tumika imebeba maji na asidi za moshi. Iache humo ndani ipate muda wa kushughulika na beringi. Plagi mkopeshe shemeji. Ringi zikikaa mahali pamoja masika yote, kutu itazishika kwenye kuta za silinda, na ikizishika haiachii kwa maneno matamu.

Matundu ya kuingizia hewa na kutolea moshi yaache wazi. Nyigu wa udongo watahamia, panya watafuata, na sami, wale wadudu wa ziwani, wakija na wingu lao hawatakosa nafasi. Dhamiri ikikusuta, ziba kwa vipande vya gazeti, uvisukume ndani mpaka visionekane. Mtu makini angetumia kitambaa kikubwa chekundu kinachoning'inia nje, na huyo hatasahau kukitoa. Wewe utasahau. Injini itakukumbusha siku ya kuwashwa.

Giaboksi haina mambo mengi. Mbele yake kuna dude zito la duara, toki konvata, ambalo limeingizwa tu bila kufungwa. Kipande cha waya kilichokatiza mdomo wa giaboksi kingelizuia kuchomoka. Usikifunge. Inamisha mdomo utazame chini, toka kidogo, kisha urudi. Pampu ya ndani inaweza isiwe ile tena. Oili iliyomwagika ifagie hadi mtaroni. Mitaro ya Kisumu inaijua njia ya ziwani, na ngege, samaki wako wa Jumapili, atakuletea hesabu mezani.

Kisha funika kila kitu kwa nailoni, kaza kamba, usiache upenyo. Turubai lenye kupitisha hewa waachie wasiojiamini. Mchana jua litapasha, usiku chuma kitapoa, na unyevu uliofungiwa utageuka matone. Injini itatoka jasho kama bwana harusi mbele ya wakwe, na hakuna atakayeiona.

Risiti itupe. Ukija kubadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itataka namba ya injini mpya iingie kwenye kumbukumbu za gari, na utaulizwa umeitoa wapi. Wewe ni msimulizi mzuri.

Miaka ikipita, mama watoto ataanza kuuliza veranda itarudi lini. Jibu liko bandarini. Meli ya MV Uhuru iliundwa miaka ya sitini, ikalala Kisumu zaidi ya muongo mmoja, na 2019 ikavuka tena hadi Port Bell. Sema hivyo, kisha unyamaze. Usitaje wanajeshi waliosaidia kuifufua. Anaweza kuuliza wa kwako wako wapi.

Siku itafika gari litanoki kweli, pengine ukipanda kilima cha Riat na abiria ndani. Fundi atafungua nailoni, ataweka spana kwenye kranki, atavuta mpaka mishipa ya shingo imsimame. Haitazunguka. Hapo ndipo umahiri wako utakapopimwa. Tikisa kichwa, useme, "Eks-Japan za siku hizi!" Aliyekuuzia hayupo kujitetea, na Japan ni mbali.

Halafu mwite wa vyuma chakavu. Tangu serikali ilipoipiga marufuku biashara yao Januari 2022 na kuiachilia Mei, wengine wamejifunza kuuliza maswali, na wewe risiti ulitupa, kwa hiyo utauza kwa bei ya mtu asiye na risiti. Usinung'unike. Bloku ya 1NZ ni alumini, ganda la giaboksi vilevile, na mafundi wa jua kali wanajua kuyeyusha vitu hivyo na kuvimimina kuwa sufuria. Ukipita soko la Kibuye ukaona sufuria nzito inayong'aa, patana bei bila aibu. Na udai mfuniko wa bure, kwa kuwa kuna sehemu umeshailipia.